Bajeti ikibanwa, mfugaji wa kaskazini abakiziwe nini: bima, ununuzi wa mifugo au chanjo?

Mtu_wa_Isiolo
Hamjambo wana jukwaa. Tangu Mswada wa Fedha wa 2024, uliotaka kuongeza kodi, uondolewe, mafungu ya wizara yamekuwa yakikatwa, na mifugo haina watetezi wengi. Tulinganishe njia ambazo serikali ya Kenya imetumia huku kwetu.

Bima ya mifugo ilianza kama mpango wa serikali 2015, Turkana na Wajir. Setilaiti hupima ukijani wa malisho. Ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa, mfugaji analipwa wakati mifugo ingali hai, anunue nyasi na maji. Mwanzoni serikali ililipa ada yote, kwa mifugo inayolingana na ng'ombe 5 kwa kaya. Siku hizi, chini ya mradi wa Benki ya Dunia, mfugaji anachangia. Hazina inajua mapema itatoa kiasi gani, na hilo ni jambo kubwa.

Ununuzi wa dharura ni ule wa ng'ombe waliodhoofika: wanachinjwa, nyama inagawiwa. Ila lori mara nyingi hufika ng'ombe hasimami tena.

Ya tatu ni kutofanya kitu, ndiyo inaitwa akiba. Kuanzia mwisho wa 2020 mvua ilikosekana misimu 5 mfululizo. Mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa, watu zaidi ya milioni 4 wakahitaji chakula cha msaada. Chakula hicho nacho kililipiwa.

Hesabu_Kwanza
Ndugu, uchungu wako nauelewa. Lakini mvua ikinyesha vizuri, ada ya bima haturudishiwi, na pesa hiyo ingechimba silanga, yaani bwawa la maji. Halafu mwenye ngamia 200, kwa nini mlipa kodi wa Nairobi amsaidie?

Mtu_wa_Isiolo
Ndiyo maana kuliwekwa kikomo cha ng'ombe 5. Mwenye ngamia 200 ajilipie wengine wote. Silanga nazitaka pia, ila mara nyingi mnyama anakufa akiwa kando ya maji, kwa sababu nyasi za karibu zimekwisha.

MamaMbuzi_Tana
Hakuna aliyetaja mathenge, ule mti wa miiba uliovamia malisho. Huku Tana River mathenge ni kijani mwaka mzima, na mbuzi akila maganda yake sana, meno yanaharibika. Setilaiti inaona kijani tu, haijui kama ni nyasi. Jirani zangu wamepoteza mbuzi wakiambiwa malisho yapo. Mtu akilipia bima halafu asilipwe katika mwaka wa njaa, hairudii tena, na mimi simlaumu. Kabla ya kutuomba tuchangie, watume watu waje wakague malisho kwa macho yao.

Ole_Kajiado
2022 robota la nyasi kavu za boma rhodes lilikuwa likipanda bei kila wiki. Aliyekuwa na pesa mapema aliokoa ng'ombe wake wazazi. Iwe bima au kitu kingine, pesa ije mapema.

Daktari_wa_Mifugo
Mnaacha chanjo nje, nayo ndiyo yenye hesabu safi kuliko zote. Ugonjwa wa sotoka ya ng'ombe ulionekana mara ya mwisho duniani hapa Kenya, kwa nyati wa Mbuga ya Meru, 2001. Mwaka 2011 ukatangazwa kuwa umetokomezwa. Ng'ombe hawachanjwi tena dhidi yake, na gharama hiyo imekwisha. Sotoka ya mbuzi na kondoo imewekewa lengo la 2030. Ukikata fungu hili katikati, kinga ya kundi inashuka, ugonjwa unarudi, na unaanza kulipa upya.

Mtu_wa_Isiolo
Ahsante daktari. Basi nikilazimishwa kukata, nakata ule ununuzi wa dharura wa ng'ombe kwa malori. Nabakiza chanjo, na bima kwa kaya maskini, pamoja na ukaguzi anaoudai Mama. Hesabu, hilo utalikubali?

Hesabu_Kwanza
Chanjo bila swali. Bima kwa sharti moja: kila msimu wabandike kwenye ofisi ya chifu kaya ngapi zimelipwa, shilingi ngapi, na tarehe gani. Tarehe hasa. Mwezi mmoja wa kuchelewa unaifanya iwe sawa na lori lako.

MamaMbuzi_Tana
Na waibandike kwa Kiswahili.