Ufahamu kwa hadithi za mtandaoni: simu 1, wanafunzi 60

Mwl_DarasaIV: Walimu wenzangu, nina projekta na simu moja. Nifundisheje ufahamu hapo?

Chaki: Mwalimu, pakua hadithi usiku, tovuti ya African Storybook wanazo za Kiswahili, bure. Ukitegemea bando darasani, kiduara kitazunguka mpaka dakika 40 ziishe. Onyesha picha ya kwanza, watabiri. Wasome kimya kurasa 3, simama, uliza "kwa nini?"

Bi_Sarufi: Na sauti uizime kabisa! Hadithi ikisomwa na simu, watoto wanasikiliza, hawasomi. Maswali ya kuchagua yanadanganya: mtoto analinganisha neno la swali na la kifungu, anapata vema bila kuelewa. Aonyeshe sentensi iliyompa jibu.

Chaki: Kweli. Kuza herufi, wa nyuma wasikodoe macho.