Garrett ACE 300 mpya au Gold Monster ya mtumba? Natafuta sarafu za fedha za zamani

Kijana_wa_Soweto
Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu. Mwaka huu nimeamua kuanza kutafuta sarafu za fedha za zamani kwa mashine ya kunusa metali ardhini. Mpaka sasa nina chaguo mbili. Kuna Garrett ACE 300 mpya, shemeji yangu atanibebea akirudi mwezi ujao. Na kuna jamaa wa Chunya anauza Minelab Gold Monster 1000, anasema ameitumia msimu mmoja tu. Anataka jibu kabla ya Jumamosi. Nichukue ipi? Nawasilisha.

FundiRedio
Umewasilisha nini sasa mkuu? Bei hakuna, unatafuta wapi hatujui, udongo hatujui. Shambani? Barabarani? Ufukweni Matema? Tukushauri kwa ramli?

Lupa_Mkongwe
Gold Monster. Mjadala umefungwa.

Mnyalukolo
Kamwene wote. Mkongwe, mjadala umeufunga wewe na nani? Hiyo mashine inafanya kazi kwa kilohezi 45 (ndiyo kipimo cha masafa, yaani kasi ya mawimbi yake), imetengenezwa iseme hata kwa punje ya dhahabu ndogo kuliko kichwa cha kiberiti. Sarafu ya fedha ni kitu kikubwa kinachopitisha umeme vizuri mno, na vitu vya namna hiyo vinapenda masafa ya chini. ACE 300 iko kilohezi 8. Halafu ACE inakupa namba kwenye kioo, ukizoea unajua hii ni fedha au shaba, hii ni kizibo. Monster inakuambia tu chuma au siyo chuma. Shambani kwetu kila hatua moja kuna kipande cha sufuria, utachimba mpaka ukome.

Lupa_Mkongwe
Nimeshika mashine kabla hujajua kilohezi ni nini. Na hiyo ACE ukiipeleka kwenye udongo mwekundu italia kama mtoto wa kambo, haina sehemu ya kuirekebisha kufuata ardhi. Imekuja imepangwa kiwandani, basi. Monster inajirekebisha yenyewe huku unatembea.

Mnyalukolo
Hapo kwenye udongo nakubali. Kwingine bado.

FundiRedio
Kwa nini nyote mnazunguka mbili hizo? Nokta Simplex: kilohezi 12, unairekebisha kwa udongo mwenyewe, namba ipo, ukiidumbukiza mtoni haifi. Ninayo mwaka wa tatu. Kama mfuko unaruhusu, tafuta za masafa mengi kwa pamoja, kama Vanquish au Equinox, hizo ardhi ya volkano haizisumbui sana. Ila mtoa mada hajasema mfuko wake.

Kijana_wa_Soweto
Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Bajeti ni milioni moja na laki mbili, nikijibana laki tatu. Jamaa wa Chunya anataka milioni na nusu, naona atashuka. ACE itanifikia kwa laki tisa. Sehemu ni mbili: shamba la babu nje kidogo ya Tukuyu, njia ya zamani ya kwenda boma la Mjerumani inapita pembeni. Na mjomba ana eneo Kalenga, Iringa.

Mwl_Mstaafu
Kijana, shikamoo yako naipokea ingawa hujaitoa. Kalenga weka pembeni kabisa. Pale ndipo ilipokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa iliyoangushwa tarehe 30 Oktoba 1894, na makumbusho yenye fuvu lake yako hapo hapo. Huwezi kwenda na jembe na mashine kwa sababu mjomba ana kiwanja. Kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Kuchimba vitu vya kale kunahitaji kibali.

Chuma_Chakavu
Mwalimu, sheria hiyo inazungumzia masalia ya kabla ya 1863. Rupia ya Mjerumani imeanza kugongwa 1890. Kwa hiyo ruksa.

Mwl_Mstaafu
Na unajuaje kabla ya kuchimba kwamba kilicholia ni cha 1890 na siyo cha 1850? Ukishakitoa ardhini umeshaharibu. Kwenye shamba la babu, sawa, zungumza na familia, mwenyekiti wa kijiji ajue, na makaburi usiyasogelee. Kalenga hapana.

Ndaga_Fijo
Samahanini, mimi mgeni humu. Sarafu za fedha ndiyo zipi? Kuna sarafu isiyo fedha?

Chuma_Chakavu
😂😂 Fedha ile ya kutengenezea pete, mama. Siyo fedha ya mshahara.

Mwl_Mstaafu
Usimcheke, swali lake lina maana. Fedha tumeita hela zote kwa sababu ya madini hayo. "Hela" yenyewe ni Heller ya Mjerumani: kuanzia 1904 rupia moja ilikuwa heller 100. Kabla ya hapo ilikuwa pesa 64, na pesa ni paisa ya Wahindi. Sasa kwa mtoa mada: heller na pesa si fedha, ni shaba, na baadhi ya heller ni shaba iliyochanganywa na nikeli. Zenye fedha ni rupia mbili, rupia, nusu rupia na robo rupia, zenye kichwa cha Kaiser Wilhelm II amevaa kofia yenye tai juu. Rupia nzima ina gramu 11.66, na fedha yake ni asilimia 91.7. Kuanzia 1898 watu walidaiwa kodi ya nyumba rupia tatu, kwa hiyo zilifika mpaka vijijini. Shilingi za Mwingereza za kuanzia 1921, zile za simba, ni robo tu fedha. Baada ya vita vya pili hata hiyo robo wakaitoa.

FundiRedio
Na senti kumi yenye tundu italia sauti nzuri karibu na ya fedha. Utaruka ruka shambani bure. Mimi niliruka.

Mkulima_wa_Parachichi
Ngoja nieleze yaliyonikuta, msije mkamwacha huyu kijana akapita njia yangu. Mwaka ule niliuza nguruwe wawili na debe kadhaa za mahindi, nikanunua mashine kwa bwana mmoja aliyekuja Njombe na begi la ngozi. Siyo hizi mnazotaja. Ilikuwa na mpini na antena mbili mbele, akasema inavuta fedha na dhahabu kutoka mita 500. Akaijaribu mbele yangu: mke wangu akaficha pete nyuma ya banda, antena zikageuka zenyewe kuelekea bandani. Niliamini. Sikujiuliza kwamba yeye ndiye aliyeshika mpini, na alimwona mke wangu akipita.

Tukaenda upande wa Lupembe, watu walisema Wajerumani walizika masanduku wakikimbia vita. Antena zikaelekea kwenye mti mkubwa. Tulichimba usiku tatu, wanaume wanne, mvua ya Januari inatunyeshea. Shimo likafika kifuani. Usiku wa pili mmoja akaleta mtaalamu wa jadi, naye akataka kuku mweupe na laki moja, akasema mali ina mlinzi. Usiku wa tatu jembe likagonga kitu, tukanyamaza wote, mpaka mbwa wa jirani tukamsikia anavyohema. Kilikuwa jembe. Jembe la zamani, limeliwa na kutu. Asubuhi mwenye shamba akatukuta, tukalipa kahawa yake tuliyoing'oa mizizi.

Nikaipeleka ile mashine kwa fundi. Akafungua kasha: betri moja, taa moja, na nyaya mbili ambazo hazijaunganishwa na kitu. Mke wangu mpaka leo akitaka kunikomesha ananiuliza, "Antena zinaelekea wapi leo?"

FundiRedio
Pole mkuu. Hakuna mashine ya mkononi inayoona sarafu kwa mita mia, sembuse 500. Sarafu moja kwenye udongo mzuri ni shubiri moja, ukibahatika zaidi kidogo. Kwenye udongo wa Tukuyu wenye chembe za chuma za volkano, hata shubiri hupati.

Chuma_Chakavu
Mimi nina rupia mbili za 1910. Kuna mtu ananiambia zina zebaki ndani, atatoa milioni 40 kwa moja. Ni kweli?

Mnyalukolo
Atataka utume kwanza ya "kupimia". Hakuna zebaki kwenye rupia, ndugu. Ni fedha na shaba kidogo. Weka sumaku: ikinata ni feki. Isiponata pima uzito, maana feki za shaba na nikeli hazinati vilevile.

Chuma_Chakavu
Tayari nimetuma elfu 80.

Ndaga_Fijo
Jamani.

Lupa_Mkongwe
Turudi kwenye mada. Kijana, ukinunua Monster, sarafu zikikosekana unakuja Chunya unatafuta dhahabu. ACE ikishindwa sarafu utafanyia nini? Utakaushia nguo?

Mnyalukolo
Amesema sarafu. Kila uzi wewe dhahabu.

Mwl_Mstaafu
Jambo moja hamjalitaja. Mwaka 1916 jeshi la Waingereza lilipandia huko huko Tukuyu likitokea Nyasaland. Mashine italia kwa maganda ya risasi, na si kila risasi ni ganda. Ukikuta kitu kizima cha mviringo chenye ncha, usikigonge wala usikibebe kwenye bodaboda. Ondoka, ita polisi.

Kijana_wa_Soweto
Shikamoo mwalimu, nilisahau kweli. Kalenga nimeiacha. Sasa kwa Tukuyu nachanganyikiwa zaidi kuliko nilipoanza. Jamaa ameshuka milioni na laki tatu, ila anasema nitume nusu aniwekee.

FundiRedio
USITUME. Panda gari Jumamosi, nenda Chunya mwenyewe. Beba shilingi ya simba, senti yenye tundu na msumari. Fukia kila kimoja kwa kina cha kiganja, kwenye udongo wake. Ishike mwenyewe, si yeye akushikie. Mkulima ameshakueleza kwa nini.

Lupa_Mkongwe
Na uangalie waya unaoingia kwenye sahani, lile duara la chini linalonusa ardhi, ndipo zinapokufa. Ukikuta gundi au selotepu, rudi nyumbani.

Kijana_wa_Soweto
Shilingi ya simba bibi anayo, amesema nikiipoteza nisirudi. Nitaleta mrejesho.

Mkulima_wa_Parachichi
Mwenye kuhitaji miche ya parachichi aina ya Hass, ninayo ya kutosha.

Ndaga_Fijo
Kijana, wiki ya tatu hii. Mrejesho? Na shilingi ya bibi?