Tunataka kufungua chuo cha maofisa wa meli Tanga. Pesa ya kwanza iende wapi?

MwanaMwambani

Wadau, habari za jioni. Mimi mtu wa Tanga. Baba alikuwa na majahazi mawili ya kupeleka mbao Pemba, kwa hiyo bahari naijua kwa harufu, ila meli kubwa nimezipanda kama abiria tu. Tuko wanne: mimi ni mhasibu mstaafu, wawili wafanyabiashara, na mmoja ni kepteni aliyeacha kusafiri kwa ajili ya mgongo. Tuna ekari sita Mwambani, hati mkononi, na ghala la zamani la mkonge ambalo paa lake bado zima.

Wazo letu ni chuo cha maofisa wa meli za biashara, wa deki (waongozaji wa meli) na wa injini, kwa viwango vya STCW, ule mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia. Kwa nini vijana wa huku wote wakimbilie chuo cha bahari cha DMI Dar au wavuke mpaka kwenda Bandari Maritime Academy Mombasa?

Mpaka sasa tuna mchoro wa hosteli ya vijana 120, na kampuni moja imetuletea bei ya simuleta ya briji, yaani chumba cha kuongozea meli. Skrini pande zote, unaingiza meli Rotterdam huku umesimama Tanga! Bei imetutoa jasho lakini benki inaonyesha dalili nzuri. Swali: tuanze na hosteli au simuleta? Na kati ya NACTVET (baraza la vyuo vya ufundi) na TASAC (shirika la serikali la mambo ya meli) tupige hodi kwa nani kwanza?

Kijana wa Chumbageni

Simuleta kwanza mzee. Hosteli vijana watapanga mtaani, vyumba viko tele. Mkifungua mnikumbuke hata kazi ya getini.

Mjukuu wa Sarahangi

MwanaMwambani, nakuandikia nikiwa nje ya Fujairah, tumetia nanga siku ya nne leo tunasubiri zamu ya kuchukua mafuta. Mimi mzaliwa wa Funguni, Unguja, ni sekendi injinia kwenye meli ya kemikali. Intaneti ya huku inakuja na kuondoka, nikikatika njiani mnisamehe.

Hilo la hosteli au simuleta mimi nitalipita, kwa sababu umeruka kitu kinachotangulia yote mawili, nacho ni vitanda. Nasema vitanda vya makadeti, maofisa wanafunzi, ndani ya meli.

Skuli haimtoi ofisa peke yake. Kijana wa deki anayetaka cheti cha kushika zamu kwenye meli za GT 500 (kipimo cha ukubwa wa meli) kwenda juu anatakiwa awe na miezi 12 ya baharini ndani ya programu iliyoidhinishwa, kitabu chake cha mafunzo kimesainiwa ukurasa kwa ukurasa na maofisa wa meli, na kati ya miezi hiyo 12, sita awe amesimama zamu briji chini ya ofisa. Wa injini naye ni miezi 12, ila muda wa karakana unahesabiwa humo humo, na zamu ya chumba cha injini isipungue miezi 6. Asiye na programu iliyoidhinishwa anahesabiwa miezi 36. Sasa wewe mhasibu, piga mwenyewe. Ukisajili 60 kila mwaka, na kila mmoja analalia kitanda mwaka mzima, basi unataka vitanda 60 siku zote, mwaka nenda mwaka rudi. Meli yetu hii ina nafasi ya makadeti wawili. Nyingi nilizopitia ni wawili, wanne ukibahatika. Unatafuta meli 15 mpaka 30, na wenyewe wakubali kuwalisha, kuwakatia bima na kuwapandisha ndege. Unazo?

Marehemu babu alikuwa sarahangi, mkuu wa mabaharia wa deki, enzi za Eastern African National Shipping Line, ile ya Tanzania, Kenya, Uganda na Zambia. Wakati huo jawabu lingekuwa rahisi: meli zetu, vijana wetu, wapande. Ile kampuni ilikufa, meli zikauzwa, na vitanda vikaenda nazo. Sisi tuliobaki tunabisha milango ya watu.

Mimi nilimaliza darasa nikakaa nyumbani miaka miwili na miezi minne. Wakala mmoja, simtaji, alikula pesa ya mkufu wa mama yangu kwa ahadi ya meli ambayo mpaka leo haijatia nanga popote. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia, MLC 2006, unakataza baharia kutozwa pesa ya kutafutiwa kazi, na mimi niliujua, mtihani wake nilishaufanya. Nikatoa tu. Mwisho rafiki wa mjomba ndiye aliyenipenyeza kwenye meli kuukuu ya kubeba klinka, malighafi ya saruji.

Siku ya pili chifu injinia, mtu wa Kerala, mfupi, hacheki, akanipa tochi, tambara na karatasi. Akasema fuata bomba la mafuta tangu tangini mpaka linapoingia injini kuu, unichoree kila vali. Nikapita chini ya sahani za sakafu kwa tumbo, nimelowa jasho, mkono mmoja napapasa bomba kujua lipi la moto na lipi limelala. Baada ya saa tano nikampelekea. Akatazama, akaichana. Nilikuwa nimechora bomba la kurudishia mafuta kana kwamba ndilo linalopeleka. Akaichana na ya pili. Ya tatu akaikunja akatia mfukoni, hakusema neno, na usiku ule ndiyo mara ya kwanza akaniacha niwashe purifaya, mashine ya kusafisha mafuta, mwenyewe huku yeye kasimama mlangoni. Kitu hicho simuleta yako ya bei ya kutoa jasho haikupi.

Kwa hiyo jibu langu: nauli ya kwenda kuonana na wenye meli. Hiyo ndiyo pesa ya kwanza. Mpate barua za kampuni tatu zinazosema kila mwaka tutachukua makadeti kadhaa. Idadi iliyomo kwenye barua ndiyo idadi ya kusajili. Ikitoka nane, chuo kina vijana wanane.

Kijana wa Chumbageni

Sekendi, mbona meli tunazo? Boti za Unguja zinapita kila siku. Na kule Mwanza serikali imeunda meli kubwa ya abiria 1,200. Makadeti wapelekwe ziwani!

Mjukuu wa Sarahangi

Ziwani hapahesabiki, ndugu yangu. Meli isiyotoka maji ya ndani si meli ya bahari kwa maana ya STCW, hata iwe na ghorofa kumi. Hizo boti za Unguja nyingine ni ndogo, na ofisa aliyekulia safari za karibu na pwani anaweza kuandikiwa cheti chenye mpaka huo huo. Atatoka Tanga kwenda Mkoani na kurudi mpaka azeeke. Si vibaya, lakini usimwambie mzazi kwamba unatoa maofisa wa dunia.

Mwalimu wa Bwawani

Shikamoo MwanaMwambani. Nimefundisha kozi za usalama baharini kwa miaka kumi na moja. Sekendi kasema kweli kuhusu vitanda. Nitaongeza la walimu, maana huko ndiko chuo kipya kinapochubuka mapema.

Kepteni wenu mmoja hatoshi. Anayefundisha na anayetahini lazima wawe na sifa kwa kanuni ya I/6 ya STCW: cheti cha umahiri, na kufunzwa kufundisha, kozi ile namba 6.09 ya IMO, shirika la bahari la Umoja wa Mataifa. Anayesimamia simuleta naye ana mafunzo yake. Mtu mwenye cheti cha chifu injinia anapata baharini kwa mwezi mmoja pesa ambayo ninyi mtampa kwa miezi mingi ya kushika chaki. Mnaobaki kuwapata ni wastaafu na wagonjwa wa mgongo (samahani kepteni). Nimeshaona darasa la rada likifundishwa na mtu ambaye rada aliiona kwenye kitabu.

Na ukaguzi hauishi siku ya ufunguzi. Mfumo wa ubora unatathminiwa na watu wa nje kila baada ya muda usiozidi miaka 5. Waulizeni Wafilipino. Wale wamejaza meli za dunia, lakini EMSA, wakala wa usalama wa bahari wa Ulaya, ilianza kuwakagua 2006, ikawa inakuta kasoro kwenye ufundishaji na mitihani, na walikaa roho juu mpaka Machi 2023 Ulaya ilipokubali kuendelea kuvitambua vyeti vyao. Nchi nzima ile! Halafu cheti cha kijana wenu kutambuliwa na bendera ya Panama au Liberia, yaani nchi meli ilikosajiliwa, ni makubaliano ya serikali na serikali. Hapo chuo hakina la kufanya zaidi ya kutoiaibisha TASAC.

Kuhusu hodi: NACTVET ni usajili wa chuo, TASAC ndiyo itakayoidhinisha kozi za STCW. Mimi ningeenda TASAC mapema, hata kabla ya kuwa na kitu, nikaulize wanataka nini.

Ushauri wangu ni mdogo. Anzeni na kozi za msingi za usalama: kujiokoa, kuzima moto, huduma ya kwanza, usalama binafsi. Hizo kila baharia anazihitaji, na haziulizi kitanda cha meli. Bwawa la kina, jukwaa la kurukia, chelezo cha mpira, kiwanja cha moto. Ghala lenu la mkonge litafaa kwa mazoezi ya moshi. Nina wanafunzi waliozaliwa kisiwani na wakikutana na chelezo kilichopinduka wanaganda. Unasimama upande wenye mtungi wa gesi, unashika ukanda uliopita chini yake, unajirusha kwa mgongo, kinakuja juu yako chote kama godoro lililolowa. Hapo usipokuwa umefundishwa kutoka kwa chini ukiwa chali, unapatwa na kiwewe. Nawarudisha mara sita, saba, mpaka mmoja aseme mwalimu nimechoka, ndipo najua kaelewa.

Mama Kadeti

Jamani nimesoma yote. Mwanangu wa pili kamaliza darasani, mitihani kafaulu, cheti cha darasani kiko kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati. Mwaka wa tatu huu anaendesha bajaji Mbagala. Sare yake nyeupe naifua kila baada ya miezi miwili isiote manjano.

Hiyo hesabu ya vitanda ndiyo kwanza naisikia leo, kwa mtu aliye Fujairah. Siku ya kumpeleka tuliambiwa ada, godoro, ndoo na viatu vyeusi. Baba MwanaMwambani, wewe siku ya kusajili utawaambia wazazi?

MwanaMwambani

Marahaba Mwalimu, na shikamoo Mama Kadeti. Nimekaa na simu hii tangu alasiri sijui niandike nini.

Nimepiga hesabu kama nilivyoagizwa. Hosteli ya 120, kozi ya miaka mitatu darasani na mmoja baharini, ni 40 kwa kila mwaka, yaani meli 10 kwa makadeti wanne, 20 kwa wawili. Nimempigia kepteni wetu nikamuuliza anajua kampuni ngapi zitakazompokelea simu. Akafikiri. Akasema mbili, na moja ni kwa sababu ya urafiki.

Mchora ramani nimemwambia asimame. Wenzangu wawili wamekasirika, mmoja anasema tukope tununue meli yetu ya kufundishia, kama Afrika Kusini walivyoichukua ile SA Agulhas ya safari za Antaktika mwaka 2012 wakawapandisha makadeti. Nimemjibu kwamba ile ilikuwa ya serikali tayari, sisi tuna ghala.

Mwalimu, bwawa la kuanzia liwe na kina cha mita ngapi? Na Sekendi, kampuni yenu hiyo, nikija na kepteni tukabisha, nani anafungua mlango?

Mjukuu wa Sarahangi

Ofisi ya mabaharia iko Dubai. Mlangoni kuna mama wa Kihindi, mkali, lakini kadeti akipandishwa anamfuatilia kama wa kwake. Msiende na picha ya simuleta. Nendeni na majina mawili ya vijana, mitihani yao na vipimo vya afya. Mama Kadeti, la mwanao liandikwe la kwanza.

Wamepiga simu injini, tunasogea kwenye mafuta. Nitarudi nikitoka zamu.