Viroba tulivifuta 2017, vichupa je?

Mwana Ngarenaro: Tangu Machi 2017 pombe kali ya mfuko wa plastiki ni marufuku. Sasa ile ile ipo kwenye kichupa kinachoenea mfukoni mwa koti la bodaboda. Pigeni hesabu: mililita 200 zenye kilevi asilimia 35 ni mililita 70 za kilevi kitupu. Bia ya nusu lita ya asilimia 5 ina 25. Hizo ni karibu bia tatu, na zinashuka kabla abiria hajamaliza kupatana bei. Vipigwe marufuku au viachwe? Na vilabu vya asubuhi vya mbege, pombe ya ndizi na ulezi, navyo vimo humo humo.

Mangi Kibosho: Kichupa sina ubishi nacho. Mbege umeitia ya nini? Mbege ni chakula.

Kijenge Juu: Chakula gani kinalaza mtu mtaroni, mangi?

Mangi Kibosho: Kinacholaza watu mtaroni ni maji ya sukari na amira yanayouzwa kwa jina la mbege. Ulezi unalowekwa, unafunikwa mpaka uote, unaanikwa ukauke kabisa, ndipo unasagwa. Ukisaga ambao haujaota, wanga haugeuki sukari, unabaki na uji tu. Ndizi mbivu zinachemshwa mpaka ziwe nyekundu, zinakaa siku mbili tatu, zinachujwa. Uji wa ulezi upoe kwanza! Ukimimina wa moto umeua chachu, na pipa zima limedoda. Unatia msesewa kidogo, magome ya mti, wa kuleta uchungu, kesho yake watu wanakunywa. Ukiiacha siku nyingi unauza siki.

Mama Mbuyuni: "Kidogo" ni kiasi gani? Wapishi wengine wanajaza magome ili uchungu ufiche pombe iliyochacha. Msesewa ni jamii ya Rauvolfia, jamii iliyotupa reserpini, dawa ya zamani ya kushusha presha. Mwenye presha anayemeza vidonge asubuhi na kata mbili mchana anajichezea.

Mangi Kibosho: Mama, shikamoo, lakini babu zetu wamekunywa miaka yote.

Mama Mbuyuni: Marahaba. Na nani aliwapima presha?

Kijenge Juu: 😂😂 Afadhali mbege kuliko gongo, ile pombe ya kuchemsha na kukinga mvuke. Wanaopofuka ni kwa sababu mpishi hakumwaga glasi ya kwanza inayotoka.

Famasia Sakina: Hiyo glasi ya kwanza imewapa watu imani ya bure. Methanoli, ile sumu inayopofusha, inachemka kwenye nyuzi 65, ethanoli, kilevi chenyewe, 78, lakini zikiwa pipa moja hazipangi foleni. Zinatoka pamoja mpaka mwisho. Tena inayoua watu kwa mkupuo mara nyingi ni spiriti ya viwandani iliyochanganywa ili pombe iongezeke. Hatari yake ni kuchelewa: mtu analala vizuri, kesho yake anaona ukungu na anahema haraka haraka. Hapo ni hospitali, tena upesi, maziwa hayasaidii. Na anayepoozea mvuke kwenye rejeta ya gari kuukuu anawanywesha madini ya risasi ya kwenye maungio.

Kijenge Juu: Basi mkifuta vichupa, mnamsukuma mteja kwenye hiyo rejeta.

Mwana Ngarenaro: Hakuna aliyesema tufute pombe kali. Chupa ndogo kabisa iwe nusu lita, ya kioo. Bei yenyewe itamzuia.

Kijenge Juu: Haimzuii. Bodaboda watatu wanachangia moja, halafu inabidi waimalize pale pale kwa sababu haiingii mfukoni. Umepunguza nini?