Kikundi cha "Watoto wa Bimkubwa": zamu ya maghribi

*Jumapili usiku*

Salma (Wete): Asalaam alaykum nyote. Shikamoo Mama Mdogo, shikamoo kaka Hamad. Leo naandika refu, mnistahamilie. Mama kapata usingizi sasa hivi, sijui wa muda gani.

Salma: Jana maghribi nimeshajidunga sindano yangu ya sukari, nangojea wali ukauke nile. Kugeuka, mlango wa nyuma uko wazi, Mama hayupo. Nimemkuta njia ya Mtambwe, miguu mitupu, anakwenda kwa baba yake kabla giza halijaingia. Kumbembeleza mpaka arudi ni robo tatu ya saa. Kufika mlangoni jasho linanitiririka, mikono inatetemeka, ufunguo hauingii kwenye kitasa. Jirani ndiye aliyenikorogea maji ya sukari.

Zuwena (Dar): Subhanallah! Dada, mbona hukutupigia?

Salma: Simu ilikuwa ndani. Na katika sisi ndugu, wa karibu kabisa yuko Unguja, Zuwena.

Khamis (Maskati): Pole sana dada. Kesho asubuhi natuma pesa, niambie kiasi gani.

Salma: Ahsante mdogo wangu, Mungu akuzidishie. Lakini leo siombi pesa. Wacha nimalize.

Salma: Kuna jambo niliwaficha. Nna kidonda unyayoni, mguu wa kulia, wiki ya tatu hii. Kilianza lengelenge la kiatu, siku nyengine hiyo nilipomkimbilia Mama. Hakiumi, nikajua kinapona. Kliniki nimekosa mara mbili. Siku ya kliniki namwacha na nani?

Rukia (Unguja): Wifi, kipige picha unitumie mie peke yangu, usiweke hapa.

Rukia: Na huko kutouma ndiko kunakonitia hofu. Sukari inaua hisia za miguu, kidonda kinachimba chini na mwenyewe hana habari. Kesho asubuhi uende, usingoje siku ya kliniki. Jengine: chakula kiwe kishapakuliwa ndio ujidunge. Na sukari tia kwenye mfuko wa nguo. Ukianza kutetemeka, koroga sukari vijiko vitatu vidogo kwenye maji unywe, upime tena baada ya dakika 15.

Mama Mdogo (Konde): Wanangu, mie nasema ya dada yangu si bure. Mtu mzima apotewe na nyumba yake? Asomewe.

Rukia: Shikamoo mama. Asomewe, Qur'ani ni shifaa. Ila ni maradhi ya ubongo, mama, si uzee mtupu na wala hakuna aliyemfanyia. Aina iliyo nyingi zaidi aliieleza daktari wa Kijerumani, Alois Alzheimer, mwaka 1906, ndio ikaitwa kwa jina lake. Shirika la Afya Duniani lilikisia mwaka 2021 watu milioni 57 duniani wana maradhi haya ya kupotewa na kumbukumbu. Yanaanza kula ya leo na jana, ya utotoni yanakawia. Ndio maana chakula cha mchana hakumbuki kama kala, na njia ya kwao Mtambwe anaijua.

Mama Mdogo: Ni kweli. Juzi kaniita kwa jina langu la udogoni. Waliokuwa wakiniita hivyo wote washatangulia.

Hamad (Unguja): Nimesoma yote. Salma, nisamehe. Nilikuja Idi siku tatu, Mama akacheka na mie, akaniuliza habari za watoto. Nikarudi nikawaambia watu hajambo.

Salma: Mgeni anamuona Mama wa mchana, kaka. Mie nnaye wa usiku.

Salma: Na niseme hili, linanichoma. Jumatano kaniuliza kama karafuu zimeanikwa, mara ya ishirini, mie sijalala siku mbili. Nikampigia kelele. Akajikunyata pembeni ya kitanda akanambia, "Nisamehe bibi, ntaondoka." Kaniita bibi. Mama yangu.

Zuwena: 😭

Mama Mdogo: Usilie mwanangu. Kesho nakuja na gari ya kwanza, wewe nenda ukatazamwe mguu. Na kumkogesha ni kwangu tokea kesho.

Hamad: Siku zangu 28 za likizo sijazigusa. Kesho naomba ruhusa, Jumanne napanda boti. Usiku uwe wangu wote. Kumkogesha tu ndiko siwezi, stara yake siivunji.

Khamis: 🎤 *Ujumbe wa sauti, 2:14*

Khamis: Nimesema humo, vipimo vya sukari, dawa na nauli za Mama Mdogo ziwe juu yangu kila mwezi. Dada asizihesabu.

Zuwena: Mie skuli zikifunga nakuja, kabla kaka hajaondoka. Asikae peke yake hata usiku mmoja.

Salma: Kaka, nisikilize khasa. Usimwambie baba yake kafa. Nilimwambia mara moja, akalia msiba wa leo leo, nusu saa akauliza tena. Babu nimzike kila siku? Akitaka kwenda kwao, mvalishe kanga, toka naye mlango wa mbele, mzunguke mshelisheli, mrudi kwa uwani. Piga hodi, sema tumefika. Vidonge vyangu viko juu, kabatini, aliwahi kuvichukua. Sindano ziko kwenye friji ya jirani.

Salma: Mikono yake ikianza kuchuma-chuma pindo la kanga, mpe ule ungo wa mlangoni. Nimechanganya karafuu na makonyo, vile vijiti vyake, kusudi. Atachambua mpaka atulie, na hakosei hata konyo moja.

Rukia: Na akibadilika ghafla, kwa siku moja au mbili, haraka hospitali. Huenda ni mkojo mchafu au homa, hayo yanatibika.

*Jumatatu*

Salma: Nimetoka. Kimesafishwa, kilikuwa na usaha chini. Sukari 16.8. Nimepewa dawa, nirudi kufungwa bendeji kila baada ya siku moja, na mguu nisiukanyagie.

Rukia: Alhamdulillah umekwenda.

*Jumatano usiku*

Hamad: Maghribi imefika kama ulivyosema. Tumezunguka mshelisheli mara tatu. Ya tatu kashika mkono wangu akasema, "Kumbe wewe unaijua njia." Nikapiga hodi, akaingia, akakaa na ungo wake.

Mama Mdogo: Na Salma?

Hamad: Kala, kalala tokea isha, mguu juu ya mto. Simu yake nnayo mie. Msimpigie.