Naomba ushauri: nitengeneze mashine ya kusaga au nipangishe fremu?

Mama wa Pasua
Habari zenu wanajukwaa. Nina mashine ya kusaga nafaka hapa Pasua, Moshi, ndani ya fremu niliyoachiwa na marehemu baba. Niliinunua kwa shilingi 6,500,000 miaka mitatu iliyopita, mwezi Machi nikasuka upya mota kwa 900,000, na wiki iliyopita shafti imepinda ikaharibu beringi zote mbili. Fundi anataka 700,000. Kwa mwezi nasaga kama kilo 12,000 kwa shilingi 100 kila kilo. Umeme wa LUKU unachukua 480,000, nyundo, nyavu na grisi 120,000, kijana wa mashine 180,000, nami nabaki na 420,000. Jirani anayeshona nguo anaitaka fremu kwa 200,000 kwa mwezi, na mtu mwingine ataichukua mashine ilivyo kwa 2,000,000. Moyo unakataa kwa sababu nimekwisha kuweka humo zaidi ya milioni saba.

Wa Majengo
Shikamoo mama, na pole. Fedha ulizonunulia mashine na kusukia mota hazirudi ukitengeneza wala usipotengeneza, kwa hiyo zisiingie kabisa katika uamuzi huu. Maji yaliyomwagika hayazoleki. Pima tu hii 700,000 ya leo, pamoja na 2,000,000 utakayoikosa usipouza.

Karani
Tusisahau uchakavu, yaani thamani ya mashine inayopungua kadiri inavyotumika. Shilingi 6,500,000 kwa miaka mitano ni 1,300,000 kwa mwaka, karibu 108,000 kwa mwezi, hivyo faida halisi ni kama 312,000.

Mhasibu wa Kiboriloni
Ndugu Karani, hesabu hiyo ni sahihi kwenye vitabu vya mwaka, maana bila kuondoa uchakavu mtu hula mtaji akidhani anakula faida. Kwa swali la mama, hata hivyo, inairudisha ile 6,500,000 tuliyokwisha kuiweka kando; uchakavu unaomhusu leo ni kiasi ambacho bei ya 2,000,000 itashuka akiendelea kusaga. Mama, jambo zito zaidi ni kwamba fremu unaihesabu kuwa ya bure kwa kuwa ni yako, ilhali kila mwezi unaoitumia unaikosa kodi ya 200,000. Na wewe unayeshinda hapo kutwa, ungelipwa kiasi gani kwingine?

Mama wa Pasua
Mdogo wangu anauza maharage Soko la Mbuyuni na amekuwa akiniomba nikamsaidie kwa 200,000 kwa mwezi.

Mhasibu wa Kiboriloni
Basi tazama. Katika kila shilingi 100 ya kilo moja, 40 ni umeme na 10 ni vipuri, zinabaki 50. Kijana na kodi ya fremu ni 380,000, ambazo zinataka kilo 7,600 kabla wewe hujapata hata senti. Ukijilipa 200,000, zinahitajika kilo 11,600. Kwa kilo zako 12,000, ziada ni 20,000 kwa mwezi, na kwa mwendo huo matengenezo ya 700,000 yatarudi baada ya miezi 35, ikiwa mashine haitaharibika tena. Hizo 12,000 ni wastani wa mwaka mzima au ni miezi mizuri tu?

Mama wa Pasua
Nimefungua daftari usiku huu. Kilo 12,000 ni za Agosti hadi Desemba, baada ya mavuno na watu wanaporudi nyumbani kwa sikukuu. Machi hadi Mei nilisaga kilo 8,000 kwa mwezi, maana yake kwa mwezi mzima wa kukung'uta unga kwenye kitenge nilijilipa 20,000. Sikuwahi kuliona hilo, kwa sababu fedha ilikuwa ikiingia mkononi kila siku.

Nimemwambia fundi asinunue beringi. Jirani amekubali kulipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, nasi tutaandikiana mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Kinachoniuma ni yule kijana, anayeijua mashine kuliko mimi. Kesho nitamwomba mnunuzi amchukue pamoja nayo.