Tupeane uzoefu: mliouguza ICU mkakutana na bakteria wasiosikia dawa

Mleta mada
Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu alipata ajali ya bodaboda, akaingia ICU hajitambui. Upasuaji wa kichwa ulikwenda vizuri. Siku ya tisa homa ikapanda, makohozi kwenye mpira wa kupumulia yakawa ya kijani. Antibiotiki ya seftriaksoni haikufua dafu. Wakahamia meropenemu, antibiotiki kali zaidi, dozi tatu kwa siku, bima ikagoma, nikawa nanunua nje. Siku ya nne majibu ya kuotesha makohozi maabara yakatoka: bakteria aitwaye asinetobakta. Karatasi nzima R, R, R hadi chini, S moja tu. Nikadhani R ni ruksa na S ni sitisha. Kumbe kinyume! R ni dawa isiyomweza, S ni inayomweza. Ile S ilikuwa kolistini, dawa ya zamani ambayo miaka ya 1970 iliwekwa kando kwa kuumiza figo. Nilizunguka maduka ya dawa siku mbili kuipata. Dogo alitoka, anatembea, ila figo bado zinafuatiliwa.

Nesi wa usiku
Pole sana mkuu. Nipo ICU mwaka wa sita. Huyo mdudu anakaa kwenye reli ya kitanda kikavu wiki kadhaa akikusubiri. Ndugu mnanuna tukiwazuia mlangoni, lakini nisiwadanganye, na sisi tumo. Nesi mmoja, wagonjwa watatu, mashine mbili zinalia kwa pamoja. Unamaliza kumfyonza makohozi huyu, unakimbilia yule. Mikono utanawa saa ngapi?

Baba K
Mimi sikubahatika. Mtoto njiti, bakteria aitwaye klebsiela kwenye damu. Majibu yalitoka Ijumaa jioni. Tulikuwa tumemzika asubuhi.

Nesi wa usiku
Pole kaka. Mungu awatie nguvu.

Mtu wa maabara
Pole Baba K. Siku 2 au 3 haziepukiki kwa njia ya kawaida: bakteria lazima aote kwanza, ndipo tumwekee vidude vya karatasi vyenye dawa tuone ipi inamzuia. Kinachoniuma ni damu inayoletwa mgonjwa akiwa ameshapigwa sindano ya antibiotiki. Mara nyingi haioti kitu, na daktari anabaki kubahatisha. Mwaka 2019 usugu huu ulikadiriwa kuua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani, Afrika Magharibi ikiongoza kwa kiwango cha vifo.

Mzee wa rangi mbili
Jamani, na mimi niliyekuwa nikipata mafua nanunua rangi mbili (vidonge vya antibiotiki) nne dukani?

Nesi wa usiku
Mafua ni kirusi mzee wangu, hiyo hela ungenunulia ndimu. Ila wagonjwa wa ICU wengi wanawapata bakteria hawa humohumo wodini, hata kama hawajawahi kumeza rangi mbili.

Mleta mada
Mkuu wa maabara, hicho kipimo ndugu anaruhusiwa kukiomba?

Mtu wa maabara
Muulize daktari, "Damu ya kuotesha imechukuliwa kabla ya dozi ya kwanza?" Hatakasirika. Akikasirika, uliza tena.